Nazi Tatu Dirishani

Tangu alfajiri fundi cherehani alikuwa amefagia kizingiti mara tatu, na mara zote tatu hakikuwa na taka. Ilikuwa siku ya tano ya Diwali. Vile vitaa vya udongo vilivyowaka ukutani usiku wa sikukuu yenyewe vilikuwa vimebaki na masizi na harufu ya samli, na majirani wengi walikwisharudi kazini. Lakini kwake yeye Diwali ilikuwa haijaisha. Kusema kweli ilikuwa haijaanza. Siku ya tano ni siku ya kaka na dada, na kaka yake alikuwa hajafika.

Mambo ya siku hii husimuliwa hivi. Yama, mungu wa mauti, alikuwa na dada aitwaye Yamuna. Huyo Yama ni mtu wa kazi nyingi, na kazi yenyewe mnaijua. Hakuna mlango asiobisha, isipokuwa mlango wa dada yake, ambao kila mara aliahidi kuupitia asipite. Siku moja akapita. Dada akampaka alama nyekundu kwenye paji la uso, akamkalisha, akamlisha kwa mkono wake mpaka mungu wa mauti mwenyewe akalegeza mkanda. Aliposhiba akamwuliza dada anataka zawadi gani. Dada akasema: kila mwaka siku kama ya leo, kaka atakayekula kwa dada yake, usimtishe. Yama akakubali. Ndiyo maana siku hii kaka huenda kwa dada, si dada kwa kaka. Na akishapakwa alama akala, mwaka mzima haogopi kifo. Kufa atakufa zamu yake ikifika, maana Yama hakuahidi makubwa hivyo. Ila hofu humwacha.

Mwaka huu kaka alikuwa na sababu ya kuogopa. Mke wa kaka, yaani wifi yake fundi, alipiga simu jana, akinong'ona kama mwizi aliye chini ya kitanda.

"Wifi, mimi sijakwambia kitu, sawa? Kesho saa kumi jioni analazwa. Kesho kutwa asubuhi wanampasua moyo. Akishaingia wodini, chakula cha nje marufuku."

"Atakuja kwangu?"

"Ee wifi, unamjua mwenyewe," wifi akasema, akakata simu.

Alimjua, ndiyo. Na kaka naye alimjua yeye. Tangu utotoni alimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu hakukuwa na mahali ambapo dada huyu angekaa mpaka kiti kipate joto. Shuleni alimaliza kuandika kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, na akakosa. Alipojifunza kushona, watu walisema sasa miguu yake imepata kazi ya halali. Hata chai aliinywa akiwa amesimama.

Ugomvi wao nao ulitokana na hiyo miguu. Miaka minne iliyopita mama yao alifariki. Kaka alikuwa dereva wa lori la masafa, na habari ilimkuta siku mbili mbali. Kwa desturi yao mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayewasha moto wa maiti ya mama. Ni haki yake na heshima yake, na hakuna anayeichezea. Akapiga simu njiani: "Ningojeni. Nakuja." Baadaye lori likaharibika porini na simu ikazima. Wakangoja. Kuhani wa ibada akaanza kutazama jua, maana jua likishazama moto hauwashwi, na mama alikuwa amelala tangu juzi yake kwenye joto lile. Wajomba wakashauriana wamtafute binamu yeyote wa kiume. Ndipo Kiguu akasema, "Nipeni huo moto. Nitawasha mimi," na akawasha.

Kaka alifika nusu saa baadaye, mafuta ya gari mikononi, akakuta moto umekwishapamba. Hakupiga kelele. Alimtazama dada yake akasema, "Umeshindwa kuningoja hata nusu saa," akarudi kwenye lori lake. Tangu siku ile simu za dada hakupokea tena.

Mwaka wa kwanza hawakuwasha taa, kwa kuwa nyumba ya msiba haifanyi Diwali. Miaka mitatu iliyofuata Kiguu alifanya kama wafanyavyo akina dada ambao kaka zao wako ng'ambo: alinunua nazi kavu, akaiweka mahali pa kaka, akaipaka alama nyekundu, akabandika punje za mchele, akaiombea maisha marefu. Kwa kawaida ukimaliza nazi huigawa au huitia kwenye maji yanayotembea. Yeye hakuweza. Alizipanga dirishani pa chumba cha mbele, kando ya cherehani, na kila nazi akaishonea kofia kwa vitambaa vilivyobaki.

Mumewe, fundi redio, mtu wa maneno, alizisalimia kila asubuhi. "Shikamooni, mashemeji. Hawa ndio mashemeji wa kweli. Hawaazimi mwavuli, hawasemi chai haina sukari."

Leo Kiguu alinunua nazi ya nne, akaificha kabatini nyuma ya sukari. Hakutaka kuitazama.

Kufikia saa nne alikuwa amechora mraba wa unga wa mchele sakafuni, mahali pa kaka kukaa. Saa tano akaufuta akauchora upya, kwa kuwa pembe moja ilimuudhi. Alipika wali wa maziwa na iliki, dengu, viazi na chapati, vyote kwa mafuta kidogo na chumvi kidogo kwa ajili ya moyo wa mgonjwa, na alipoonja akaona vina ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Akaongeza chumvi, akaogopa, akaongeza maji. Alikaa kwenye cherehani kupinda sketi ya mteja, akashona pindo upande wa nje. Alichungulia mlangoni mara nyingi mno, hata jirani aliyekuwa akianika nguo akadhani anamchunguza.

Saa saba mumewe alikuja kula. Alimkuta amesimama katikati ya chumba, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mwiko.

"Kaa chini, mama."

"Nikikaa nitalia."

"Basi lia ukiwa umekaa. Mtu akija atakuta watu. Subira yavuta heri."

"Heri gani? Saa kumi analazwa! Hii si ya kusema atakuja mwakani. Unajua wanachofanya? Wanausimamisha moyo, halafu wanauwasha tena. Kama usipowaka? Aende pale hajala kwangu, hajapakwa alama, amebeba lile neno lake kifuani?"

Fundi redio aliweka tonge chini. Alizoea kusema vitu vikizimwa huwashwa, ndiyo kazi yake, lakini leo aliona utani huo hautafika mbali.

"Desturi ni yeye kuja kwako," akasema taratibu. "Ukimfuata utamharibia. Mwachie nafasi."

"Nimemwachia miaka minne."

Mumewe akanawa, akarudi kwenye kibanda chake cha redio mtaa wa tatu. Kiguu alimpigia wifi simu. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Alingoja akihesabu mishono ya pazia, akafika arobaini, uvumilivu ukamwishia. Saa nane kasoro dakika chache alipakia chakula kwenye bakuli za kubebea, akatia kichupa cha unga mwekundu mkobani, akabana sari yake mpya, akafunga mlango kwa kufuli. Kama Yama haji kwa Yamuna, Yamuna atamfuata. Alijua anavunja desturi, na miguu ilikuwa imekwishateremka ngazi.

Teksi ilimfikisha kwa kaka saa nane na nusu. Wifi alifungua mlango, begi la hospitali begani. Alipomwona alishika mdomo.

"Wifi! Unafanya nini hapa?"

"Nimemletea kaka chakula. Yuko wapi?"

"Yuko kwako!"

Kiguu hakuelewa. Alielewa, ila akili ilikataa kupokea.

"Ametoka saa saba na nusu," wifi akasema. "Tangu asubuhi anazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Amevaa shati, amelivua, amevaa jingine. Akanikataza nisikwambie, alitaka akubishie hodi mwenyewe. Tumeagana tukutane getini hospitali saa kumi. Mimi nilikuwa kwenye simu na watu wa wodi, kumbe ni wewe uliyekuwa unanipigia?"

"Mpigie sasa hivi!"

Wifi akanyoosha kidole mezani. Simu ya kaka ilikuwa pale, kwenye chaji. "Ameiacha makusudi. Amesema akiwa nayo, mtu yeyote akimpigia njiani atapata kisingizio cha kugeuza."

Kiguu akampigia mumewe. Iliita mpaka ikakata. Akapiga mara ya pili na ya tatu. Fundi redio, Mungu amlinde, hupima kazi yake kwa kufungulia redio nne kwa mpigo, na ndani ya zogo hilo hata tarumbeta ya kiama asingeisikia.

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Alimwona kaka yake akipanda zile ngazi sita, akipumzika kila ngazi, na kifua chake kile. Alimwona akifika juu na kukuta kufuli. Baada ya miaka minne ameshusha kiburi chake, amevaa shati zuri, amekuja kama desturi inavyotaka, na dada hayupo. Hakumngoja kwa mama, na leo hakumngoja tena. Atageuka. Ataenda hospitali moja kwa moja na hilo kufuli kichwani, watamlaza, watamzimisha moyo. Kiguu alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Teksi ya kurudi ilikwama nyuma ya gari la mchanga. Dereva akazima injini, akatoa gazeti.

"Baba, hakuna njia nyingine?"

"Mama, hata ungekuwa na mabawa. Tulia."

Neno tulia lilimfanya ashuke. Alitembea, akakimbia, akatembea, bakuli zikigongana. Kifuniko kimoja kikalegea na dengu ikamwagikia sari mpya, mstari wa njano kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo. Watu wakampisha. Haraka haraka haina baraka, tumefundishwa hivyo wote, lakini waliotunga methali hiyo hawakuwa na mgonjwa wa saa kumi. Alipokata kona ya mtaa wake ilikuwa saa tisa na dakika kumi, na hakuthubutu kuinua macho. Alihesabu ngazi kwa kutazama chini: moja, mbili, tatu. Kwenye ya nne aliona viatu.

Vilikuwa viatu vyeusi vilivyopigwa rangi mpaka vinang'aa, na ndani yake alikuwamo kaka yake, amekaa ngazi ya juu kabisa, mgongo kwenye mlango, kufuli likining'inia juu ya bega lake. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimeingia mvi nyingi kuliko ambazo miaka minne ina haki ya kuleta.

Kiguu alikuwa akihema kwa nguvu kuliko mgonjwa.

"Nilikufuata kwako," hatimaye akasema. "Kaka, nilikufuata. Nilidhani huji. Sikuweza kungoja, naapa nilijaribu, nimefagia kizingiti hiki mara tatu..."

"Nimeona. Kisafi." Kaka akainua kidole gumba akaelekeza dirishani nyuma yake. "Hizo nazi tatu zenye kofia, ni akina nani?"

Kiguu akatazama dirisha. Zilikuwa zimekaa pale, kofia upande, alama nyekundu zimefifia zikawa kahawia.

"Ni wewe," akasema. "Ya mwaka juzi ndiyo yenye kofia ya bluu."

Kaka alizitazama kwa muda. Midomo yake ilicheza, haikujulikana kama ni kicheko au kilio, na pengine hata mwenyewe hakujua.

"Nimekaa hapa saa nzima," akasema. "Mara tatu nimesimama niondoke. Nasema, yuleyule, hajabadilika. Halafu nageuka naona hizo nazi, nakaa tena. Kiguu, hebu niambie. Siku ile ya mama, ulingoja kiasi gani?"

"Tangu saa nne asubuhi. Mpaka jua likagusa paa la lile ghala."

"Umesimama?"

"Nilikaa, kaka. Karibu na kichwa chake. Nilikuwa nafukuza nzi. Kila lori likipita nilikuwa nasimama, nasema ni yeye, halafu linapita. Nilimwambia mama, anakuja, anakuja. Mpaka nikaona aibu kumdanganya."

Hayo hakuwahi kuyasema kwa mtu. Wajomba walikuwa wamesimulia tu kwamba msichana alishika moto kabla ya kaka, na kila aliyesimulia alipunguza masaa kidogo.

Kaka aliinamisha kichwa. "Mimi saa moja tu imenitoa roho," akasema. "Sikujua kungoja kunauma hivi. Nilidhani ni jambo la kukaa tu. Nisamehe, mdogo wangu."

Kiguu alitaka kumkumbatia, lakini kwanza alitazama saa, ndivyo alivyoumbwa. "Saa tisa na robo! Hospitali dakika ishirini! Inuka, inuka, na usiinuke haraka!"

Ufunguo ukakataa tundu, kaka akamshikia kufuli. Alimkalisha kwenye mraba wa unga, akawasha kitaa cha udongo, akachovya kidole kwenye unga mwekundu. Kidole kilipofika karibu na paji la uso kilisita. Ulikuwa mkono uleule wa kulia, ulioshika moto siku ile, na wote wawili walikuwa wakiutazama.

"Paka," kaka akasema. "Mama alipata moto kwa mkono unaompenda. Na mimi nataka alama kutoka mkono huohuo."

Akapaka. Mchele ukashika, punje mbili zikaangukia puani pake, wakacheka kama watoto waliovunja kitu. Akamlisha tonge la kwanza kwa mkono wake, kisha la pili. Dengu iliyobaki ilikuwa vijiko vitatu; nyingine alikuwa ameivaa.

"Haina chumvi," kaka akasema akitafuna.

"Ni kwa ajili ya moyo wako."

"Moyo wangu wanaupasua kesho. Nipe chumvi."

Hakumpa. Alimpa wali wa maziwa, akaukomba mpaka bakuli likalia. Kabla hawajaondoka Kiguu alitoa nazi ya nne kabatini, safi, haina alama. Kaka akaipima mkononi, akamrudishia.

"Hii usiivishe kofia. Ikune. Nikitoka nitakuja kuila mwenyewe."

Wifi alikuwa getini saa kumi kasoro dakika mbili, amekwishauma kucha zote. Alipoiona ile alama nyekundu alimshika Kiguu mkono akaubana. Ndani, muuguzi mmoja alikuja na pamba yenye dawa akataka kumfuta mgonjwa paji la uso.

"Hiyo hapana," kaka akasema. "Mnapasua kifua, huku juu kunawahusu nini?"

Muuguzi akacheka, akamwachia. Kaka akamgeukia dada yake. Sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Kesho nikiamka, utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Kiguu."

"Nimesema nitakuwepo."

Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Walimwingiza kaka saa mbili. Wifi alikaa, akasimama, akaenda kuomba, akarudi. Fundi redio alileta chai, akaenda kutafuta mkate, akaleta mkate, akaenda kutafuta kisu. Kiguu hakunyanyuka. Miguu ilimwasha kutoka kwenye nyonga hadi vidoleni, ikataka mlango, ikataka korido, ikataka hata kutikisika tu, naye akaikatalia. Chai ilishika utando pembeni yake. Saa nne, saa tano, saa sita. Kila mlango ulipofunguka moyo ulimruka, na kila mara aliyetoka alikuwa mtu wa kufagia. Alimfikiria mama. Alimwambia kimoyomoyo, anakuja, anakuja, na safari hii hakuona aibu.

Saa saba na nusu mlango ulifunguka akatoka daktari, kofia ya kijani mkononi, uso umechoka. Alitazama watu waliokuwa wakizunguka kwenye korido, kisha akamtazama mwanamke aliyekaa.

"Mgonjwa wetu amefumbua macho," akasema. "Bado hawezi kuzungumza vizuri, lakini kuna kitu anauliza, na hataki kutulia mpaka ajibiwe. Anataka kujua kama dada yake ameshaondoka."

Kiguu alijaribu kusimama, akashindwa. Akajaribu tena, akashika ukingo wa benchi, machozi yakimshuka bila kuyafuta.

"Mwambie nipo," akasema. "Mwambie nipo palepale, ila miguu yote miwili imekufa ganzi."